Kurekebisha Kengele ya Mzigo Uliozidi kwenye Lifti ya Mkasi

Mafundi wanaoanza na lifti za mkasi, yaani mashine za kunyanyulia watu kwenye jukwaa linalobebwa na mikono ya chuma iliyopishana kama mkasi, huniuliza maswali matatu yaleyale. Kengele inalia na jukwaa ni tupu, nifanye kalibresheni, yaani niifundishe mashine upya kupima uzito? Sina vyuma vya kupimia, naweza kupandisha watu watatu badala yake? Nimemaliza kalibresheni yote na bado inalia, nimekosea wapi? Kwa la kwanza, subiri kwanza. Kwa la pili, usithubutu. Kwa la tatu, huenda hukukosea chochote kwenye kalibresheni yenyewe. Mashine ilikuwa mbovu kabla hujaigusa. Maelezo yake ndiyo haya.

Mwongozo huu ni wa lifti ya mkasi inayopima mzigo kwa sensa ya presha iliyofungwa kwenye silinda ya kunyanyulia, ikisaidiana na sensa ya pembe kwenye mikono ya mkasi. Lifti nyingi za mkono mrefu hupimia kwenye kikapu chenyewe na utaratibu wake ni mwingine, usiuchanganye na huu. Vitufe vya kubonyeza hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na hata kati ya matoleo mawili ya mashine moja. Kwa hiyo kitabu cha huduma cha mashine yako kiwe wazi mbele yako muda wote, na kikipingana nami, fuata kitabu.

Mashine inapimaje mzigo

Jukwaa halina mizani. Kompyuta ya mashine husoma presha ya mafuta ndani ya silinda na kukisia uzito kutokana nayo. Ugumu ni kwamba mzigo uleule hutoa presha tofauti kwa kimo tofauti. Mkasi ukiwa umelala, silinda husukuma kwa pembe isiyoisaidia, kwa hiyo presha huwa kubwa. Mkasi ukisimama, presha hupungua. Ndiyo maana sensa ya pembe inahitajika: bila kujua jukwaa liko kimo gani, namba ya presha peke yake haina maana.

Kalibresheni ni kuifundisha kompyuta mistari miwili: presha ya jukwaa tupu kwa kila kimo, na presha ya jukwaa lenye mzigo kamili kwa kila kimo. Baada ya hapo kila uzito hukadiriwa kwa kulinganishwa na mistari hiyo. Ukiifundisha uongo, itaushika na kuwapimia watu kwa uongo huo hadi siku fundi mwingine atakapourekebisha.

Kiwango cha Ulaya, EN 280, kinataka kifaa cha kupima mzigo kifanye kazi baada ya mzigo halali kufikiwa na kabla ya asilimia 120 kupitwa. Taa nyekundu iwake na kuzima mfululizo maadamu mzigo umezidi, na sauti ilie kwa angalau sekunde 5 kila dakika. Mzigo halali ni ule ulioandikwa kwenye bamba la mashine. Hapa nitauita mzigo wa bamba. Bamba likisema kilo 230, mwisho wa asilimia 120 ni kilo 276. Likisema 320, ni 384. Andika namba yako kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Je, kalibresheni ndiyo dawa?

Kalibresheni inahitajika ukibadilisha sensa ya presha, sensa ya pembe, silinda au kompyuta. Ukitengeneza pini za mkasi na bushi zake, yaani vibomba ambamo pini huzungukia. Na pale jaribio la uzito linapoonyesha kwamba kengele inalia mapema mno au kwa kuchelewa, huku kila kitu kingine kikiwa kizima.

Haihitajiki kwa sababu tu mwendeshaji analalamika kwamba kengele inamsumbua. Niliwahi kuitwa kwenye mashine iliyokuwa imefanyiwa kalibresheni mara tatu ndani ya wiki moja. Kila mara ilikaa sawa siku moja au mbili, kisha ikaanza kulia tena. Niliposhika kishikizo cha sensa ya pembe kwa vidole, kilicheza. Boliti moja ilikuwa imelegea, na kila mtikisiko wa barabara ulikuwa ukiisogeza sensa. Mafundi wa kabla yangu walikuwa wakiifundisha mashine upya kila ilipohama. Boliti ilikazwa, kalibresheni ikafanywa mara moja, basi.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha huduma cha mashine hiyohiyo, toleo linalolingana na namba yake ya chasisi.
- Kifaa cha kusomea kompyuta, kama mashine yako inakitumia. Nyingine hutumia skrini na vitufe vyake vyenyewe.
- Vyuma vya uzito unaojulikana, vya kutosha asilimia 120 ya mzigo wa bamba.
- Mizani ya kuaminika ya kuvipimia.
- Multimita, pimamaji, futi ya kamba, grisi na spana.
- Foklifti au kreni ya kupakia vyuma.
- Kabari za magurudumu na koni za kuzungushia eneo.
- Msaidizi mmoja anayejua kitufe cha dharura kiko wapi.

Kuhusu uzito nataka tuelewane vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Usitumie watu. Katika hesabu za EN 280 mtu mmoja huchukuliwa kuwa kilo 80, lakini fundi aliyesimama mbele yako hana kilo 80. Ana zake, na viatu, na simu, na anasogea. Zaidi ya hayo, mtu hapaswi kuwa juu ya mashine ambayo kinga yake ya mzigo unaifungua kwa makusudi. Usitumie pia mifuko kwa kuamini maandishi ya nje, maana mfuko hupasuka na hunyonya unyevu. Madumu ya maji yanafaa kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, ila dumu lenyewe lina uzito wake. Chochote utakachotumia, kipandishe kwenye mizani na uandike namba juu yake kwa rangi.

Ukitumia uzito pungufu ya ulioiambia mashine, kengele italia mapema. Ni kero, lakini hakuna atakayeumia. Ukitumia uzito uliozidi, hali inageuka. Tuseme bamba ni kilo 230, wewe umepakia 270 ukidhani ni 230, na mashine imepangwa kulia kwenye asilimia 110 ya inachokijua. Kwake hiyo ni 253. Kwa uhalisia ni takriban kilo 297, wakati mwisho ulikuwa 276. Mashine hiyo itanyanyua mzigo uliopita kiasi ikiwa kimya kabisa.

Ukaguzi wa kwanza

Kabla ya kuingiza mkono katikati ya mkasi, simamisha nguzo ya usalama. Nyanyua jukwaa, weka nguzo mahali pake, shusha hadi uzito ulale juu ya nguzo, zima mashine, toa ufunguo. Hakuna kazi ya dakika moja inayokuondolea hatua hii.

Na onyo jingine zito zaidi: sensa ya presha imefungwa kwenye mafuta yanayobeba jukwaa. Ukiilegeza jukwaa likiwa juu bila nguzo na bila kutoa presha, jukwaa litashuka juu yako, na mafuta yenye presha yanaweza kupenya ngozi. Ukihisi hata tone limeingia mwilini, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Ukiwa na nguzo salama, angalia pini na bushi, pamoja na vipande vya kutelezea. Paka grisi panapotakiwa grisi. Baadhi ya bushi ni za kukaa kavu, na kitabu kitakwambia. Shika sensa ya pembe na kishikizo chake uone kama vinacheza. Fuata waya za sensa zote mbili kwa macho na vidole hadi kwenye plagi zake. Tafuta waya iliyochunwa, plagi yenye maji, na hasa waya ya mkato ambayo mtu aliifunga ili kengele inyamaze. Ukiikuta, iondoe na uandike kwenye daftari kwamba uliikuta.

Toa mikono nje ya mkasi, washa mashine tena jukwaa likiwa bado limelala juu ya nguzo, na upime umeme wa sensa kwa multimita. Sensa nyingi za aina hii hutoa kati ya volti 0.5 na 4.5, au miliampia 4 hadi 20. Isiyo na presha yoyote inapaswa kusoma karibu na mwanzo wa kipimo chake. Ikisoma sifuri kabisa, waya imekatika au sensa imekufa, na hakuna kalibresheni itakayoifufua.

Hatua za kazi

1. Weka mashine kwenye sakafu ngumu, tambarare. Thibitisha kwa pimamaji juu ya chasisi, kwa urefu na kwa upana. Weka kabari, zungushia koni, na hakikisha juu hakuna boriti, taa wala waya ya umeme hadi kimo cha mwisho cha jukwaa.

2. Chaji betri hadi zijae, kisha chomoa chaja. Mfumo wa volti 24 uliojaa na kutulia husoma karibu na volti 25.4. Betri dhaifu huipa pampu mwendo usio sawa, na mashine nyingi zitakataa kuendelea katikati ya kazi. Kazi iliyokatika katikati huanza upya.

3. Pasha mafuta. Kwa kutumia vidhibiti vya chini, pandisha na kushusha jukwaa tupu mara tano au sita. Mafuta baridi ni mazito na presha yake haifanani na ya mashine iliyo kazini.

4. Toa kila kitu jukwaani. Kila kitu: boksi la spana, nyaya, mabaki ya mabati, tope lililoganda. Vile vilivyofungwa moja kwa moja na mtengenezaji, kama kibadilisha umeme au vishikio vya mabomba, vibaki mahali pake, kwa maana mashine itafanya kazi navyo. Rudisha ndani sakafu ya kusogeza (sehemu ya jukwaa inayovutwa kutokeza nje) na uifunge, isipokuwa kitabu kikisema vinginevyo.

5. Thibitisha kwamba kompyuta inajua ni mashine ya aina gani na mzigo wake wa bamba ni kilo ngapi. Kompyuta iliyobadilishwa mara nyingi huja na namba ya mashine nyingine ndani yake. Linganisha skrini na bamba kwa macho yako mwenyewe.

6. Ingia kwenye hali ya kalibresheni kwa vidhibiti vya chini. Kuanzia hapa hadi mwisho hakuna mtu anayepanda jukwaani.

7. Anza na sensa ya pembe. Shusha jukwaa hadi mwisho, hifadhi. Pandisha hadi mwisho, hifadhi. Usikisie mwisho: subiri hadi mkasi usimame wenyewe. Ukiruka hatua hii kwa kuwa “pembe ilikuwa sawa”, mistari yote miwili ya uzito itajengwa juu ya kimo kisicho sahihi.

8. Fanya mzunguko wa jukwaa tupu. Mashine nyingi hupanda zikisimama zenyewe mahali kadhaa, zinapima, zinaendelea, kisha hushuka kwa mtindo huohuo. Ikisimama, usiguse kitu. Inasubiri mafuta yatulie. Wanaoanza hudhani imekwama na kuachia kitufe, na hapo ndipo mzunguko huvunjika.

9. Jukwaa likiwa chini kabisa, pakia mzigo wa bamba. Uweke katikati ya sakafu kuu, uliotandazwa, usiorundikwa pembeni, na uufunge usiteleze. Weka vipande kwa upole. Chuma kikidondoka kwa kishindo hutikisa silinda na vishikizo vya sensa. Hesabu kilo kwa sauti, msaidizi aandike.

10. Fanya mzunguko wa mzigo kamili, kupanda na kushuka. Simama mbali na kivuli cha jukwaa. Sikiliza. Mkasi unaopanda kwa kuruka-ruka au kwa mlio wa chuma unakueleza kwamba kuna pini kavu. Simamisha, shusha, rudi kwenye ukaguzi.

11. Hifadhi kama kitabu kinavyoagiza, zima mashine, subiri kidogo, washa tena. Kuna mashine zisizoandika chochote kwenye kumbukumbu hadi zizimwe kwa utaratibu wake.

12. Sasa jaribio. Mzigo wa bamba ukiwa bado juu, toka kwenye hali ya kalibresheni na pandisha kawaida hadi juu, ukisimama njiani mara tatu au nne. Kengele isilie popote. Shusha hadi chini.

13. Ongeza uzito hadi asilimia 120 na ujaribu kupandisha. Jukwaa linaweza kunyanyuka kidogo, kwa kuwa mashine nyingi hazipimi mkasi ukiwa umelala kwenye vituo vyake. Kisha kengele ilie, taa nyekundu iwake na kuzima, na mwendo ukatike. Kwenye baadhi ya mashine utaona herufi OL (overload, mzigo umezidi) kwenye skrini. Shusha kwa valvu ya dharura ya kwenye chasisi, na hapo utakuwa umeijaribu nayo pia.

14. Punguza uzito kidogo kidogo, uone kengele inanyamaza kwenye kilo ngapi. Andika namba hiyo, tarehe, namba ya mashine, kilo ulizotumia, na usomaji wa presha kwenye kimo kimoja unachoweza kukirudia. Fundi atakayekuja baada ya miezi sita atafika kwenye chanzo kwa haraka akiwa na karatasi hiyo.

Boksi la spana nililolitaja kwenye hatua ya 4 halikutajwa kwa kujaza orodha. Fikiria boksi la kilo 30 limesahaulika jukwaani, likabaki katika mzunguko wa tupu na wa mzigo kamili, kisha likaondolewa kabla ya jaribio. Kwa mashine, kilo 30 za kwanza ni sifuri. Ile kengele iliyopangwa kulia kwenye 253 sasa italia kwenye 283, yaani kilo 7 juu ya mwisho wa asilimia 120. Na jaribio lako la hatua ya 12 litapita bila shida, kwa sababu mzigo wa bamba ni mdogo kuliko huo. Ni hatua ya 13 pekee ingekuonyesha kosa, na hiyo ndiyo mafundi wengi huiruka kwa uvivu wa kubeba vyuma zaidi. Usiiruke.

Ikikataa

*Mashine haiingii kwenye kalibresheni.* Angalia chaja imechomolewa, vitufe vyote vya dharura vimeachiwa, ufunguo uko upande wa chini, sakafu ya kusogeza imefungwa ndani na kengele ya mwinamo haijawaka. Mara nyingi ni moja ya hizo.

*Inalia jukwaa likiwa tupu.* Soma pembe kwenye skrini huku jukwaa likiwa chini kabisa, linganisha na namba iliyohifadhiwa. Zikitofautiana, sensa imesogea. Zikilingana, soma presha; namba isiyotulia jukwaa likiwa limesimama inaelekeza kwenye plagi au waya.

*Inalia katikati ya safari tu, juu na chini iko sawa.* Huu ni msuguano, na una njia yake nzuri ya kuuthibitisha. Pandisha jukwaa hadi kimo fulani, simama, andika presha. Pandisha zaidi, kisha shuka hadi kimo kilekile, simama, andika tena. Msuguano huongeza presha wakati wa kupanda na kuipunguza wakati wa kushuka, kwa hiyo tofauti ndogo ni kawaida. Tofauti ikiwa kubwa kwenye kimo kimoja na ndogo kwenye vingine, tafuta pini iliyokauka, bushi iliyolika au mkono uliopinda. Usifanye kalibresheni kabla ya kutengeneza, kwa sababu siku pini ikipakwa grisi mstari wako wote utakuwa si sahihi.

*Inalia asubuhi, mchana inanyamaza.* Mafuta baridi, au si mafuta ya daraja linalotakiwa. Angalia kiwango na aina kabla ya kugusa kompyuta.

*Inalia mwendeshaji anapoachia kitufe ghafla.* Jukwaa likisimama kwa mshtuko presha huruka kwa muda mfupi. Mashine isiyo na hitilafu husubiri kidogo kabla ya kuamini usomaji. Ikilia kila mara, kagua mwendo wa kushusha na uchakavu wa pini.

*Presha inashuka yenyewe jukwaa likiwa limesimama.* Valvu ya kushikilia kwenye silinda inavuja, au sili za silinda. Jukwaa nalo litakuwa linashuka polepole. Weka alama ya chaki upime kwa futi baada ya dakika 10. Mashine ya namna hiyo haipaswi kubeba mtu, achilia mbali kufanyiwa kalibresheni.

*Hailii kwenye asilimia 120.* Pima vyuma upya kwanza. Kisha mzigo wa bamba ndani ya kompyuta. Kisha tafuta tena waya ya mkato, hata kama uliangalia. Vyote vikiwa sawa, rudia kalibresheni mara moja kuanzia hatua ya 4, jukwaa likiwa tupu kweli.

Ikishindwa mara ya pili, acha. Shusha jukwaa, toa ufunguo, chomoa betri, funga kibandiko cha “usitumie” kwenye vidhibiti vyote viwili na uwasiliane na mtengenezaji ukiwa na namba zako mkononi. Mwenye mashine akikuomba uiachie imalizie kazi ya leo tu, ufunguo ubaki mfukoni mwako.